Chai Yako Haihitaji Gajeti, Inahitaji Chupa

Wasee, kuna aina moja ya video imejaa kwa simu yangu siku hizi. Meza nyeupe, kibodi ya taa za rangi, mmea mdogo kwa kona, na kando ya laptopu kikombe kimekaa juu ya kisahani cha stima chenye kataa kadogo kekundu. Mtu anaandika, anainua kikombe bila kukiangalia, anapiga funda, anakirudisha, anaendelea kuandika. Hakuna mahali anasimama. Chini ya video kuna bei na linki ya kununua. Na watu wananunua kweli, maana nimeulizwa mara nyingi: hiki kisahani ni poa? Niagize?

Jibu langu ni hapana. Tafuta chupa ya chai, ile thamosi ya kawaida. Na pengine hata huhitaji kununua, ju kwenu kuna chupa tatu na moja imewekwa juu ya kabati tangu 2014 ikingoja wageni.

Lakini "hapana" tupu si jibu, hasa kwa mtu ambaye kazi yake iko mezani. Mimi nakata video, na wengi wenu mnasoma hapa mko kwa meza pia: kuandika nakala za sauti, kusomea mtihani, kujibu simu za wateja walio nchi nyingine usiku. Chai inapoa tukiiangalia. Hilo ni tatizo la kweli na sitalicheka. Nataka tu tuangalie nani anatuuzia dawa yake, na dawa yenyewe inafanya kazi vipi.

Tuanze na kwa nini chai inapoa. Kikombe kilicho wazi kinapoteza joto kwa njia kadhaa kwa mpigo. Joto linapita kwa kuta za kikombe hadi kwa meza na mkono wako. Hewa inayopita juu inabeba lingine. Lingine linatoka kama mnururisho, vile unavyosikia joto la jiko hata kabla hujaligusa. Na kuna mvuke. Ule mvuke mzuri wa kupigia picha ndio joto lako likiaga. Kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto jingi, ndiyo maana kikombe kilichofunikwa kinakaa na moto muda mrefu kuliko kikombe wazi. Mama zetu walikuwa wanafunika kikombe cha baba kwa kisahani. Hiyo ilikuwa fizikia, hakuna mtu aliyeiita hivyo tu.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Chukua kikombe cha mililita 300. Kupandisha gramu moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji jouli 4.2. Chai si maji tupu lakini inakaribia. Kwa hivyo kikombe kizima kinahitaji kama jouli 1,260 kwa kila digrii. Ukichukulia chai yako ya moto, bila kifuniko, inashuka digrii moja kila dakika, hapo wati 21 zinatoroka. Soketi ya kawaida ya USB 2.0 kwa laptopu inatoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Rudia polepole: zinatoka 21, zinaingia 2.5. Ni kama kujaza ndoo iliyotoboka kwa kijiko cha chai. Na hizo 2.5 zenyewe hazifiki zote, kwa sababu vikombe vingi vina chini iliyobonyea, kinagusa kisahani kwa pete nyembamba tu, katikati kuna hewa. Hewa haipitishi joto vizuri. Kwa hivyo kile kisahani cha bei rahisi cha kuchomeka kwa laptopu kinapasha hasa meza yako.

Vya kuchomeka kwa ukuta ni tofauti, na lazima niwe mkweli. Vingi ni vya wati 20 hivi, na ukifunika kikombe, hivyo vinaweza kushikilia joto. Vinakula stima ngapi? Wati 20 kwa saa nane ni uniti 0.16. Tuseme uniti moja ni shilingi 30, ndio hesabu iwe rahisi. Hiyo ni chini ya bob tano kwa siku. Sitakudanganya kwamba kisahani kitamaliza tokeni zako, hakitamaliza. Mtu akikuambia hivyo anapiga domo.

Lakini linganisha na kuchemsha upya. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji hapa yanachemka kwa digrii 94 hivi, hayafiki 100. Kutoka digrii 20 hadi 94, kikombe chetu cha mililita 300 kinahitaji jouli kama 93,000, ambazo ni uniti 0.026. Hata bob moja haifiki. Maana yake ni kwamba stima ya kushikilia kikombe kimoja siku nzima ingechemsha vikombe vitano vipya, hata ukiachia birika la stima lipoteze kidogo. Shida ya kisahani basi haiko kwa bili. Unalipia kuongeza joto mahali ambapo hungelipoteza kama ungelifungia ndani.

Kuna ngazi ya juu zaidi, vikombe vyenye akili. Kinachojulikana sana ni Ember cha Marekani. Kina betri ndani, kinaongea na simu yako, unachagua joto kati ya digrii 50 na 62 hivi, na kile kidogo kinalishikilia kama saa moja na nusu kikiwa nje ya kitako chake cha kuchaji. Ni kazi safi ya uhandisi, na mtu akiniletea kimoja sitamfukuza mlangoni. Lakini bei yake huko Marekani inazunguka dola 100 kwenda juu. Ukibadilisha ni zaidi ya thao kumi na mbili, kabla hujalipia usafiri. Kuna watu wanalipa kodi ya keja na hiyo. Na sasa una kitu kingine cha kuchaji. Simu inataka chaja, laptopu inataka chaja, vipokea sauti vinataka chaja, halafu na kikombe pia kinakuambia betri imeisha? Zii.

Sasa weka kando yake chupa ya chai. Mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, aliibuni mwaka 1892, na hakuwa anafikiria chai hata kidogo. Alikuwa na gesi zilizopozwa hadi zikawa maji, baridi kali, na alitaka chombo cha kuzuia joto lisiingie. Akaweka chupa ndani ya chupa, akatoa hewa katikati, akapaka ukuta rangi ya fedha kama kioo cha kujiangalia. Bila hewa katikati, joto halina gari la kusafiria. Ile fedha inarudisha mnururisho ulikotoka. Kifuniko kinazuia mvuke. Kitu kinachozuia joto kuingia kinazuia pia joto kutoka, na hapo ndipo chai ikapata bahati. Dewar hakuchukua hataza ya ubunifu wake. Fundi wa vioo Mjerumani, Reinhold Burger, ndiye alifanya chupa hiyo iwe bidhaa ya nyumbani, na kampuni ya Thermos ikaanzishwa Ujerumani mwaka 1904.

Zaidi ya karne baadaye, hiyo chupa bado inatumia wati sifuri. Haina programu ya simu. Stima ikipotea haijui kama imepotea. Yaani siku ile mtaa mzima uko giza, ruta imezima na huwezi kufanya kazi hata ukitaka, chupa ndiyo kitu pekee kwa nyumba kinachoendelea na kazi yake kama kawaida.

Kuna jambo lingine ambalo zile video haziongelei. Kwa nyingi nilizoona, ndani ya kikombe kuna kahawa nyeusi. Wakenya wengi tunakunywa chai ya maziwa, na maziwa yana tabia zao. Ukiyaweka juu ya moto mdogo muda mrefu, protini zinashikana juu na unapata ule utando unaoshikana na mdomo. Kuna mtu anaupenda, najua, lakini si kwa kila funda.

Utando ni kero tu. Kuna kitu kibaya zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina kanuni zake tano za usalama wa chakula, na moja inasema chakula kilichopikwa kikae moto zaidi ya digrii 60 kama hakiliwi sasa, na kisiachwe kwa joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Chini ya 60 bakteria wanaanza kujisikia nyumbani. Kikombe cha maziwa na sukari kikikaa digrii 45 juu ya kisahani kutoka asubuhi hadi saa tisa, hapo unakuza wadudu. Strungi haina hatari kama hiyo. Chai ya maziwa inayo, na chupa pia haina muujiza. Chai ya asubuhi ukiikuta kwa chupa jioni, fungua kifuniko unuse, utajua mwenyewe.

Sasa nije kwa upande ambao mashabiki wa chupa kama mimi hatupendi kuusema. Chupa inaweza kufanya kazi vizuri kupita kiasi. Mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya digrii 65, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Wanaongelea saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Si chai yenyewe wala kahawa yenyewe. Ni moto.

Na hii si habari ya mbali. Upande wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, unajulikana kwa watafiti kama ukanda wa saratani hii, na Kenya iko ndani. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imekuwa ikiwaona wagonjwa wengi wa saratani ya umio kwa miaka, wakiwemo vijana ambao hawajafika 30. Sababu ni nyingi na watafiti bado wanazichambua. Tumbaku imo, pombe imo, na chai ya moto sana ni moja ya vitu wanavyoviangalia. Kwa hivyo ile sifa tunayopeana nyumbani, "huyu anakunywa chai ikichemka, huyu ni mwanaume," hiyo tuiache. Koo haina misuli ya kujivunia.

Ukiunganisha haya yote unaona kitu. Tunataka chai ikae na moto saa tatu, lakini tunataka kuinywa ikiwa imepoa kidogo. Gajeti za mezani zinajaribu kufanya kazi zote mbili kwa chombo kimoja, kikombe. Ndiyo maana zinahangaika. Hizo ni kazi mbili na zinataka vyombo viwili. Chupa kazi yake ni kutunza moto. Kikombe kazi yake ni kuupunguza. Kikombe kikipoza chai hakijafeli, hiyo ndiyo kazi tulikipea. Kinachobaki ni kiwe kidogo, ndio uimalize kabla haijafika baridi.

Watu wa Pwani walijua hii kabla ya sisi wote. Nenda Mombasa au Lamu jioni umtafute muuza kahawa. Ana dele, lile birika la shaba lenye makaa chini yake, na ana vikombe vidogo visivyo na mkono, funda mbili tatu imeisha. Moto wote uko kwa dele. Hakuna mtu amewahi kuweka makaa chini ya kikombe. Kikombe kinajazwa, kinapoa kwa muda wa salamu mbili, kinanywewa, kinajazwa tena. Kahawa ya mwisho ina moto sawa na ya kwanza. Ukiwaonyesha kisahani cha USB wangekuuliza tu: kwani hicho kikombe ni kikubwa kiasi gani mpaka kipoe kabla hujamaliza?

Swali zuri hilo. Vikombe vyetu vya mezani vimekuwa vikubwa ndio tusisimame. Na hapa ndipo mimi huacha kuongea wati na digrii, nikaongea kazi.

Kuna ofisi nilifanya kazi Nairobi, sitaitaja. Tulikuwa watu kumi na wawili tunatengeneza video za matangazo. Kila siku saa nne asubuhi mama wa chai alikuwa anaingia na chupa mbili kubwa, moja ya maziwa na moja ya strungi, na ndoo ya mandazi yamefunikwa kwa kitambaa. Tulikuwa tunasimama pale karibu na dirisha dakika kumi na tano hivi. Nusu ya ninachojua kuhusu kusafisha sauti nilifundishwa hapo, na kaka mmoja mkubwa wetu, akiwa na mandazi mkononi. Hapo ndipo unajua nani ameachwa, nani anahama nyumba, nani amepata mtoto.

Mwisho wa mwaka mmoja tukapewa zawadi. Kila mtu boksi lake, ndani kikombe kikubwa chenye jina la kampuni na kisahani cha kukipasha. Tukapiga makofi, tukapiga picha. Januari tulivyorudi, mama wa chai akaambiwa asije tena. Sababu ilikuwa kwamba sasa kila mtu anaweza kunywa chai yake mezani ikiwa na moto, na kuna birika la stima kwa kona kwa anayetaka. Ile robo saa ikarudishwa kwa kazi. Hakuna mtu alikatazwa chai, na hapo ndipo ilikuwa ngumu kulalamika. Unalalamikia nini na kikombe chako kina moto? Mama naye alipoteza wateja kumi na wawili kwa siku moja, na hakuna aliyempelekea boksi.

Mwezi wa tatu mshahara ukachelewa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ofisi ikawa kimya, kila mtu na vipokea sauti masikioni na kataa kekundu kanawaka kando yake. Kila mtu akifikiria pengine ni benki yake, pengine ni yeye tu, pengine kuna barua inakuja yenye jina lake. Zamani jambo kama hilo lingejulikana saa nne na dakika mbili. Sasa ilifika siku ya tisa na bado hatukuwa tunajua kama sisi sote tuko shimo moja.

Siku ya kumi dada mmoja anayechora akaja na chupa ya kwao. Ile ya maua mekundu, ya wageni kabisa, sijui alivyoitoa nyumbani bila vita. Akaiweka pale pale dirishani saa nne. Hakuhutubia. Alisema tu, "Chai iko." Watu wakainuka mmoja mmoja, kila mtu na kile kikombe cha zawadi. Kabla chupa haijaisha tulikuwa tunajua hakuna hata mmoja amelipwa. Mchana huo tulienda kwa bosi watu saba pamoja. Tukalipwa nusu wiki hiyo na nusu nyingine mwezi uliofuata. Baada ya hapo tukawa tunachanga bob ishirini kila mtu, na mama wa chai akarudi, safari hii kama mgeni wetu na si wa ofisi.

Sisemi chupa ililipa mshahara. Watu saba ndio walienda. Nasema tu kwamba chupa inabeba chai ya watu wengi, na kisahani kinapasha kikombe cha mtu mmoja. Ukipewa kitu cha kukuwezesha kutosimama, uliza ni nani alitaka usisimame.

Najua kuna msee atasema, mimi kazi yangu hairuhusu. Uko kwa simu za wateja usiku, dakika zako za choo zinahesabiwa na kompyuta, supavaiza anaona kila ukitoka. Au mwili wako haukuruhusu kuinuka inuka. Wewe sikuambii kitu. Kama kisahani cha ukuta kinakusaidia kupata kitu cha moto saa tisa za usiku, weka strungi, funika kikombe, na unywe kwa amani. Lakini kama ni kazi ndiyo inakufunga kwa kiti, usikubali mtu akuambie kwamba tatizo lako lilikuwa chai kupoa.

Kwa sisi wengine wenye uhuru kidogo, hivi ndivyo mimi hufanya, na haina siri. Kwanza suuza chupa na maji ya moto, uyaache ndani dakika chache, umwage, ndio uweke chai. Chupa baridi inakunyang'anya digrii kadhaa hata kabla hujaifunga. Pili, ijaze. Chupa iliyojaa inashikilia moto kuliko chupa nusu. Kama unakunywa peke yako, tafuta chupa ndogo, usibebe ya lita mbili yenye vikombe viwili ndani. Chupa ya kioo ndani inatunza moto vizuri lakini ikianguka mara moja imeisha, kwa hivyo kama una watoto au mtu wa kuruka ruka kwa nyumba, chukua ya chuma.

Tatu, kikombe kiwe kidogo. Mimina, ngoja dakika tano hivi, ndio unywe. Kama ulimi unaruka, koo pia haijapenda. Nne, kama ni ya maziwa, imalize kabla ya mchana, usiibembeleze hadi jioni. Baadaye pika nyingine ama hamia strungi. Ukimaliza osha chupa na kifuniko chake, ile mpira ya kifuniko hasa, na uiache wazi ikauke. Ile harufu ya chupa iliyofungwa na unyevu ndani haitoki hata kwa maombi.

Tano ndiyo muhimu kwangu: usiweke chupa mezani. Yangu iko kwa stuli karibu na mlango, hatua sita kutoka kwa kiti. Nikitaka chai lazima niinuke. Laptopu yangu inanishukuru, maana chai ya maziwa na kibodi hazijawahi kuwa marafiki. Mgongo unanishukuru. Na kwa sababu mlango uko hapo hapo, jirani akipita na nikiwa namimina, anaulizwa kama anakunywa. Mara nyingi anakunywa. Hivyo ndivyo nilijua kwamba kodi yake pia imepandishwa, na ya ghorofa ya chini pia, na Jumamosi hii tunakaa chini wapangaji wote tuone tunamwambia nini mwenye nyumba. Mimi nimeambiwa nilete chai. Chupa mbili nimeshaazima, bado moja. Ile ya kwenu ya wageni iko wapi?